Mkate wa Kula Hapa, Mkate wa Kubeba

Jumamosi, Novemba 2019

Dirisha liko wazi. Joto limeondoka hatimaye, na hewa inayoingia ina harufu ya vumbi na sabuni ya kufulia ya jirani wa chini. Siku nzuri kwa mtu mwenye moyo mwepesi. Mimi wangu leo si mwepesi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Naliandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayeijua sura yangu.

Sitaki Mama aielewe kodi ya Japani.

Nimekuwa nikimfundisha wiki nzima, na namfundisha vizuri, sifanyi ujanja. Lakini kila akipata jibu sahihi natabasamu kwa nje, na ndani natamani angekosea.

Ngoja nieleze vizuri. Mama analea mtoto wa familia moja ya Kijapani huko Al Mankhool, hapa hapa Dubai. Mtoto ana miaka mitatu. Nitamwita Haru, ingawa si jina lake. Madam ni mjamzito, na kwao ipo desturi kwamba mwanamke akikaribia kujifungua anarudi kwa mama yake mzazi, anajifungulia huko na kukaa mpaka apate nguvu. Madam alipomweleza hivyo, Mama alicheka. Alimwambia kwamba hata kwetu Tanga ni hivyo hivyo, kwamba mimi mwenyewe nilizaliwa kwa bibi na Baba aliniona baada ya arobaini. Nadhani siku ile ndipo madam alipoanza kufikiria kumchukua Mama.

Anataka kwenda na mlezi mmoja kwa miezi minne. Bibi yake Haru ana goti bovu, hawezi kwenda dukani kila siku. Kwa hiyo mlezi ndiye atakayenunua maziwa, mboga, nepi na sabuni. Asubuhi anapewa pesa taslimu, akirudi anatoa chenji na risiti. Madam anasema mama yake ni mtu mwema sana, lakini hesabu ikiwa haikai sawa hataulizia. Atanyamaza tu.

Mama akaniambia, "Huo ukimya naujua mimi. Bora mtu akufokee."

Wanaofikiriwa ni wawili: Mama, na dada mmoja wa Kinepali anayeshika zamu siku ambazo Mama anapumzika. Ataenda mmoja tu. Nyumba ya Al Mankhool itafungwa kwa miezi hiyo, na atakayebaki atabaki bila kazi. Mshahara wa Mama ndio unaonilipia shule.

Kwa hiyo najua vizuri ninachopaswa kutamani. Lakini sikitamani.

Watu wa shuleni wanadhani mimi ni mpole. Si upole. Mimi ni mtu ambaye maneno yanakwama mahali fulani kati ya kifua na meno, na Mama ndiye anayeyatoa kwa niaba yangu. Kwa daktari wa meno, Mama ndiye husema jino gani. Simu ikilia, Mama hupokea. Kwenye kafeteria ya hapa chini, yule kaka wa chai akiuliza kama tunakunywa pale au ni parseli, Mama huniangalia usoni mara moja tu, kisha anamwambia, "Parseli." Anajua sitaki kukaa palipo na watu. Mimi ni mtu wa parseli. Maisha yangu yote nayabeba kwenye mfuko na kwenda kuyalia chumbani.

Na Baba? Baba nampenda. Anafanya kazi ya zamu kwenye ghala, anaondoka jioni na kontena la chakula, anarudi asubuhi, analala. Tunaweza kumaliza siku nzima kwa "umekula?" na "ndiyo". Hatujagombana hata siku moja. Hatujui tu pa kuanzia.

Miezi minne ya "umekula?" na "ndiyo".

Basi, masomo yalianza hivi. Madam alimpa Mama kipeperushi cha matangazo cha duka lililo karibu na nyumba ya mama yake, chenye picha za samaki, kabichi na mabunda ya nepi. Kando ya picha amemwandikia Kiingereza kwa kalamu ya kijani. Mama akakiweka mezani, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye maziwa.

"Mia mbili. Nampa mia mbili, naondoka."

Nikamwambia hapana, itakuwa yeni mia mbili na kumi na sita.

"Kwa nini? Si imeandikwa mia mbili, tena kwa maandishi makubwa hivi?"

Hilo ni kosa la mtu wa Dubai. Hapa tangu mwaka jana tunalipa tano kwa mia, lakini imeshamezwa ndani ya bei. Unachokiona kwenye rafu ndicho unachotoa. Kwenye kile kipeperushi namba kubwa ni bei bila kodi. Namba ndogo iliyojificha chini yake ndiyo unayolipa, na wakati mwingine hiyo ndogo huioni kabisa, inabidi upige hesabu mwenyewe kichwani huku mtoto anakuvuta sketi.

Halafu zipo kodi mbili. Kuanzia mwezi uliopita karibu kila kitu kimepanda kutoka nane hadi kumi kwa mia, ila chakula kimeachwa kwenye nane. Pombe haimo kwenye msamaha huo, lakini pombe Mama hainunui. Nepi kumi, sabuni kumi, dawa ya mafua kumi. Maziwa nane, mchele nane, kabichi nane.

Kumi ilikuwa rahisi. Unafuta sifuri moja, unajumlisha. Nane ndiyo iliyomtoa jasho. Nilijaribu njia ya kitabuni, nikaona macho yake yanaanza kuhama, yanaenda jikoni. Alikuwa amekanda unga wa chapati, na donge lilikuwa limelala kwenye bakuli likisubiri. Nikaenda kulichukua.

"Mama, hili donge ni ile kumi kwa mia. Ligawe matano."

Akaligawa bila kuangalia, kama anavyoligawa kila Ijumaa, madonge matano yanayolingana.

"Sasa ondoa moja. Yaliyobaki ndiyo nane kwa mia. Chakula kinasamehewa donge moja."

Akachukua kipeperushi kwa vidole vyenye unga. "Maziwa mia mbili. Kumi kwa mia ni ishirini. Donge moja la ishirini ni nne. Naitupa. Kumi na sita." Akaniangalia juu ya miwani. "Mia mbili na kumi na sita! We mtoto!"

Anti Wambui alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, anasubiri zamu yake ya jiko. Anti Wambui ni Mkenya wa Nyeri. Tunachangia fleti, yeye chumba cha mbele, sisi cha nyuma na kikorido. Analinda kwenye jengo moja la maduka na ana sauti ya kulinda majengo mawili.

"Aki mama, huyu anakufunza ama anakuchosha?"

"Vyote," Mama akasema.

"Na hao watu, kodi mbili kwa duka moja? Si hapa ni five pasenti na khalas."

"Hapa wanaificha ndani ya bei," nikasema, kwa sauti yangu ile ndogo.

"Wah! Msomi ameongea! Leo mvua itanyesha Dubai."

Tukacheka wote watatu. Usiku huo nilikula chapati nikiwaza kwamba nimetoka kumpa Mama tiketi ya ndege kwa mikono yangu.

Siku zilizofuata alikuwa akijiuliza mwenyewe akiosha vyombo. Mkate mia na ishirini: kumi kwa mia ni kumi na mbili, donge lake moja ni mbili na ushee, inabaki tisa na ushee. "Na ushee naupeleka wapi?" Nikamwambia madam ameandika kwamba duka lile huacha kinachozidi. Mia na ishirini na tisa. "Wastaarabu," akasema Mama. "Hapa ukidai chenji ya filsi ishirini na tano wanakupa pipi."

Jumanne alirudi na habari ya mtihani. Leo, Jumamosi, madam amemwomba aende alasiri wacheze duka. Haru atakuwa muuzaji, ana sanduku la pesa la plastiki. Madam atapanga vitu vya kweli mezani na Mama atanunua kwa kile kipeperushi. "Na ameniambia atapanga na viti viwili vidogo," Mama akasema, "kwa sababu Haru akienda dukani na bibi yake huwa wanakaa kwenye kona ya duka, anakula mkate palepale. Hawezi kusubiri nyumbani yule."

Sikuuliza viti vinahusiana na nini. Nilidhani ni mchezo tu.

Jana Ijumaa, Baba ameenda msikitini, Mama amelala kidogo, nikawa nasoma kwenye simu blogu ya mwanafunzi mmoja wa kigeni anayesoma huko Japani. Anaandika habari za kununua chakula. Na hapo katikati, kama jambo dogo tu, akaandika kwamba siku hizi muuzaji anakuuliza kama utakula hapo hapo au utabeba.

Ukibeba, ni nane. Ukikaa kwenye kiti cha duka, ni kumi.

Mkate ule ule, na mikono iliyoupanga ni ile ile. Kiti ndicho kinachobadilisha. Na unapaswa kusema kabla ya kulipa. Yeye alisema anabeba, halafu mvua ikanyesha, akakaa, akaufungua mkate wake. Anasema hakuna aliyemwambia neno. Lakini aliona macho ya muuzaji, na tangu siku ile hapiti duka lile.

Nilisoma mpaka simu ikawa ya moto mkononi.

Kwa sababu namjua Mama. Nimeenda naye matembezini na watoto anaowalea. Akiulizwa, husema parseli kila mara, maana mlezi hakai meza moja na akina madam wengine wanaokunywa kahawa pale. Hakuna aliyemkataza, ni hivyo tu, walezi wote hufanya hivyo. Wanachukua mfuko, wanatoka. Halafu mtoto analia, miguu inauma, kiti cha karibu kiko wazi, na mfuko unafunguliwa palepale. Hapa Dubai hakuna tatizo, bei ni moja. Kule itakuwa ameidanganya kaunta bila kujua, mbele ya bibi asiyeuliza.

Na mimi nilikuwa nimemwambia nini? Nilimwambia, "Chakula nane, vingine kumi, basi." Nilisema basi. Analirudia hilo neno kama dua.

Mama alipoamka nilikuwa bado na simu mkononi.

Sikusema.

Chakula cha mchana kikaliwa. Sikusema. Jioni akaniomba nimuulize maswali, nikamuuliza ya nepi na samaki na kabichi. Akayapata yote. Sikumuuliza la mkate.

Kinachonitisha ni jinsi ilivyo rahisi. Silazimiki kudanganya. Silazimiki kufanya chochote. Haru atavuta kiti, Mama atasema nane, madam ataandika kitu kidogo kichwani mwake. Labda yule dada wa Kinepali, kwenye mtihani wake, alisema kumi. Hakuna atakayejua kwamba nilijua. Mama atarudi, ataning'iniza mkoba wake mlangoni, atasema haikuwa riziki. Atabaki. Kazi nyingine tutaitafuta, shule tutaona. Atabaki.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza leo asubuhi, Baba bado hajarudi kutoka kazini, nilipopita mlangoni mwa chumba chetu nikamwona Mama.

Alikuwa amekaa kitandani, amenipa mgongo. Amevaa glavu. Glavu nene za sufi, rangi ya machungwa, bado zina lebo ya bei imening'inia kwenye kifundo. Sijui alizinunua lini, nadhani kwenye lile soko la Wachina hapo jirani, katika mji huu wa joto ambapo hata sweta nani anunue. Alikuwa amemwaga sarafu kwenye shuka na anajaribu kuziokota moja moja akiwa na glavu mikononi. Sarafu inateleza, anairudia. Inateleza tena. Anacheka peke yake, bila sauti.

Anajizoeza kulipa kwenye baridi.

Nilifikiri Mama anaenda kwa ajili ya ada yangu. Haikunijia kabisa kwamba anataka kwenda. Kwamba ana miaka arobaini na moja, na tangu atoke Tanga amejua jikoni za watu na vituo vya basi, na sasa kuna mahali penye theluji na mtu amemuuliza kama angependa kuja.

Nimerudi hapa kuandika. Sasa anaoga, nasikia maji. Basi lake ni saa tisa. Baba amelala upande wa pili wa ukuta.

Ni sentensi moja tu. Kwa nini ni nzito hivi?

*

Nimerudi. Ni magharibi sasa, taa za majengo ya mtaa wa jirani, wanaouita klasta ya Ugiriki, zinaanza kuwaka moja moja. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea, nisije nikayapamba.

Mama alitoka bafuni, akavaa, akajipaka mafuta. Nilikuwa nimekaa mezani na sentensi yangu. Akaniuliza, "Mbona hivyo?" Nikasema kichwa. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema sina homa, akaaga, akatoka. Mlango ukafungwa. Nikasikia lifti inakuja. Nikasikia lifti inashuka.

Ndipo nikasimama.

Nilishuka kwa ngazi na ndala za Anti Wambui, kubwa kwangu, zinapiga makofi ngazi zote. Nilimkuta kituoni, amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, midomo inacheza. Alikuwa akihesabu.

"Umesahau nini?" akasema. "Au mimi ndiye nimesahau?"

"Mama, mkate ukikaa ni kumi."

"Nini?"

"Mkate. Ukiubeba ni nane. Ukikaa kwenye kiti cha duka ukala, ni kumi. Unasema kabla ya kulipa. Vile viti vya madam, ndiyo maana yake. Nilijua tangu jana."

Maneno ya mwisho yalitoka yenyewe. Kulikuwa na watu wengine pale kituoni, wanaume wawili na mama mmoja mwenye ndoo, na nilikuwa nimesema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

Mama aliniangalia. Hakuuliza kwa nini tangu jana. Nafikiri alishajua jibu kabla yangu, labda kabla hata ya kipeperushi. Alisogeza mkoba, akanipigia benchi kwa kiganja. Nikakaa.

"Haya, niulize. Haraka, basi linakuja."

"Haru anataka mkate wa mia na ishirini. Ameshavuta kiti."

"Kumi kwa mia. Kumi na mbili. Mia na thelathini na mbili."

"Na maziwa ya bibi ya kupeleka nyumbani? Mia mbili."

"Hayo yanabebwa. Nalitupa donge lake. Mia mbili na kumi na sita." Akafikiri. "Kwa hiyo huko kukaa ni ghali kuliko kuondoka."

"Kidogo," nikasema. "Kama yeni tatu kwa mkate."

"Yeni tatu," akasema, kama anaipima mkononi.

Basi likafika. Akapanda, akagusa kadi, akakaa dirishani. Hakupunga. Alifungua mkoba, akatoa glavu moja ya machungwa, akaivaa, akaigandamiza kwenye kioo mpaka basi likakata kona.

Nilipanda ngazi polepole. Anti Wambui alikuwa amerudi kutoka kazini, yuko jikoni miguu mitupu. Nikamrudishia ndala zake, nikamweleza kwamba huko Japani unalipia kiti. Sijui kwa nini nilimweleza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Unalipia kiti? Wacha! Mimi nasimama masaa kumi na mbili kwa hiyo mlango, hao watu wangenipenda sana. Ningekuwa mteja wa discount." Kisha akaniangalia vizuri. "Mamako ataenda, eh?"

"Sijui."

"Utakuwa sawa?"

"Sijui, Anti."

"Sawa. Hiyo pia ni jibu."

Ujumbe wa sauti wa Mama ulifika nikiwa naanua nguo. Nyuma yake nasikia kelele za metro na tangazo la mlango.

"Mwanangu, sikiliza. Kale katoto kamevuta kiti kabla sijatoa hata pesa. Nikamwambia madam, huyu anakula hapa, mkate wake kumi, maziwa ya bibi nabeba, nane. Madam kacheka mpaka kashika tumbo lake. Kasema hata yeye mwenyewe kule huchanganya. Basi, ameomba pasipoti yangu, kesho nampelekea. Nitafutie, iko kwenye sanduku la bluu, chini ya vitenge. Na ule, usinisubiri."

Nikausikiliza tena. Nikamfikiria pia yule dada wa Kinepali, ambaye sijawahi kumwona, anayesubiri simu yake mahali fulani hapa mjini.

Kisha nikafanya hivi. Nilinyata chumbani, Baba bado amelala, nikatoa sanduku la bluu chini ya kitanda, nikalifungua, nikaondoa vitenge. Pasipoti ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Niliifungua ukurasa wa picha. Mama ana uso wa mtu aliyeambiwa asitabasamu. Nikaiweka mezani pale anapowekaga miwani yake, na glavu ile aliyoiacha kitandani nikaiweka juu.

Nikaosha mchele, nikabandika. Mchuzi wa jana ulikuwepo. Kontena la Baba lilikuwa kwenye rafu ya vyombo, safi, kifuniko pembeni, tayari kujazwa kama siku zote. Nikalishika. Halafu nikaliacha palepale, nikaenda kugonga mlango wa chumba.

Alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu.

"Baba, utakula hapa au utabeba?"

Aliinua kichwa. Akatazama saa yake, akatazama kamba ya kiatu aliyoishika.

"Hapa," akasema.

Nikapakua sahani mbili.